Nataka kununua wimbo uwe wangu, duka liko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua ni ndefu lakini hili jambo limenikaa moyoni siku nyingi, na naiandika kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, leo siku ya tatu hatujasogea, kwahiyo muda ninao wa kutosha.

Mimi ni dereva wa lori, mwaka wa 17 huu, natoa mzigo bandarini Dar napanda nao mpaka Tunduma, naingia Zambia, Mpika, Kapiri Mposhi, Ndola, Chingola, mpaka Lubumbashi. Dar mpaka Tunduma peke yake ni kilometa 900 na ushee alafu hapo Zambia yote bado iko mbele yako. Safari ikinyooka ni wiki mbili kwenda na kurudi, ikigoma ni mwezi mzima. Sasa humo kwenye kabini, ukimtoa utingo, mwenzako wa kweli ni muziki. Madereva wenzangu wananielewa. Saa tisa za usiku umeiacha Makambako, baridi inapiga mpaka kwenye mifupa, unaweka Sikinde au Msondo, bendi zetu za dansi, sauti juu, wewe unaimba na utingo anaitikia, mnashtukia mmefika Igawa. Kwangu mimi muziki uko kwenye orodha ya vitu vya safari pamoja na tairi la akiba na jeki.

Ninachotaka ni kununua wimbo. Namaanisha kununua kabisa, nilipe kwa simu, nipate faili langu, niliweke kwenye flashi, flashi niichomeke kwenye redio ya gari, na hela yangu imfikie aliyeimba na aliyetunga na aliyepiga gita. Basi. Mwaka wa ngapi huu natafuta hiyo huduma na kila ninapogusa nakuta kitu kingine kabisa.

Nianze na vibanda maana huko ndo tunakopita wengi. Stendi yoyote kubwa, Msamvu, Iringa, Mbeya, utakuta kijana na kompyuta yake na spika imewekwa nje, unampa flashi ya GB 16 na elfu tano, unaenda kunywa chai, ukirudi imejaa mpaka haina pumzi. Nyimbo mia kadhaa kwa elfu tano! Nimefanya hivo miaka mingi na leo nasema wazi kwamba nilikosea, maana katika ile elfu tano hakuna hata senti moja iliyomfikia mwanamuziki, ilibaki pale pale kwenye kile kibanda. Simlaumu sana yule kijana, na yeye anatafuta ugali, na hata angetaka kununua hizo nyimbo kihalali azinunue wapi?

Alafu angalia unachopewa. Siku moja nimeegesha Ruaha Mbuyuni, utingo ameshuka kununua vitunguu, nikasema ngoja nisikilize kwa utulivu wimbo mmoja wa Marijani Rajabu ambao marehemu baba alikuwa anaupenda sana. Kwenye kioo cha redio jina limeandikwa "Zilipendwa 14" na mbele yake jina la tovuti fulani ya kudaunlodi bure. Haya, wimbo unaanza, sekunde ya ishirini sauti ya mtu inaingia inataja hiyo tovuti, juu ya sauti ya Marijani! Nikavumilia. Wale wanaojua muziki wetu wa dansi wanajua wimbo unaanza polepole, mwimbaji anatoa kisa chake, alafu magita yanapokezana na ndo unaingia kwenye chemko, hapo ndo kila mtu anainuka kwenye kiti. Sasa mimi nasubiri chemko, nimeshaanza kugonga usukani kwa vidole, dakika ya tatu wimbo ukakatika pap, ukaingia wa mtu mwingine. Mtu ameukata akaona hizo dakika nyingine ni za bure tu. Jioni nikaliangalia lile faili kwenye simu lilikuwa na MB 3 hazijafika. Wimbo wa dakika 8 kwenye MP3 ya ubora wa juu, ile ya 320, unafika MB 19 hivi. Kwahiyo hata hicho kipande nilichobakiziwa kilikuwa kimekamuliwa, besi huisikii, tumba zinalia kama mtu anagonga debe.

Huyu Marijani, Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995 na miaka yake ya mwisho alikuwa anaendesha maisha kwa kuuza kanda. Mtu aliyeiimbia nchi nzima! Nikikumbuka hilo alafu nikakumbuka zile elfu tano zangu za Msamvu, roho inaniuma kweli.

Baba yangu alikuwa ananunua kanda. Hakuwa na uwezo mkubwa, alikuwa kibarua tu, lakini mwisho wa mwezi akipokea mshahara anarudi na kanda moja kwenye mfuko wa shati, halisi, yenye karatasi lake ndani, na anatuita watoto tumsomee maana macho yalishaanza kufifia: mtunzi fulani, solo fulani, rizimu fulani, besi fulani. Mpaka leo naweza kukutajia wapigaji ambao vijana wa sasa hawajawahi kuwasikia, nimewajua kupitia yale makaratasi. Faili la leo halina kitu. Namtaka mtu anieleze kwanini mwaka huu wenye kompyuta na intaneti nijue habari za wimbo kidogo kuliko baba yangu alivyojua kwa karatasi la kanda.

Kuna watakaosema dereva, umebaki nyuma, mbona siku hizi watu wanastrimu, yaani wanasikiliza moja kwa moja mtandaoni. Nalijua hilo. Spotify imeingia Tanzania na Kenya Februari 2021, Boomplay tunaikuta imeshawekwa kwenye simu za Tecno tukinunua dukani, na wengine wapo. Mwanangu aliniwekea apu, nikalipia mwezi, na kwa kweli nikiwa nyumbani nilifurahia, nyimbo ni nyingi na sauti ni safi, sina cha kusema vibaya hapo. Tatizo lilianza nilipowasha lori. Ukishaanza kushuka na kupanda Kitonga mtandao unakuja na kuondoka. Ukishavuka kwenda Nakonde ile laini ya Tanzania na bando lake ndo imekwisha kazi. Nikaambiwa daunlodi ukiwa nyumbani, sawa, nikadaunlodi usiku mzima. Kumbe ile sio kudaunlodi ninayoijua mimi! Zile nyimbo zimefungiwa ndani ya apu, huwezi kuzitoa kuzipeleka kwenye flashi, na Spotify wanataka simu yako iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 la sivyo zinafungwa. Na ukiacha kulipia mwezi zimekwenda. Sasa hapo mimi nimenunua nini? Hiyo ni nyumba ya kupanga, na sina ugomvi na nyumba za kupanga, nimeishi humo miaka mingi, ila mtu anayetaka kununua kiwanja usimpe mkataba wa kupanga ukamwambia ndo hati.

Na tuangalie upande wa msanii. Hela ya kustrimu inakusanywa kwenye kapu moja alafu inagawanywa kufuatana na nani kasikilizwa zaidi, kwahiyo hata kama mwezi mzima mimi nimesikiliza bendi moja tu ya Morogoro, hela yangu haiendi moja kwa moja kwa ile bendi, inaingia kwenye kapu na wakubwa wa dunia. Alafu toka mwaka 2024 Spotify wameweka utaratibu kwamba wimbo ambao haujafikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Chukua kijana wa Njombe mwenye mashabiki 200 wa kweli, kila mmoja kausikiliza wimbo wake mara nne, hiyo ni mara 800, anapata sifuri. Wale wale 200 wangenunua wimbo kwa shilingi 500 kila mmoja ni laki moja. Laki moja ni siku ya studio, ni nauli ya kwenda kupiga Iringa na kurudi. Mimi sijasoma uchumi lakini hiyo hesabu naiona.

Na sio kwamba hiki kitu hakiwezekani. Kuuza nyimbo kwa faili kumeanza zamani, Apple walifungua duka lao la iTunes tarehe 28 Aprili 2003, wimbo mmoja senti 99 za Marekani, na wiki ya kwanza tu wakauza nyimbo milioni moja. Mwanzoni hata wao walizitia kufuli, mpaka 2009 ndo wakaziondolea, ukinunua ni faili lako unalipeleka unapotaka. Mdogo wangu yuko Ujerumani kikazi, mwaka juzi kaja likizo na kompyuta yake akanionyesha kitu kilichonikosesha usingizi. Ananunua singeli, ule muziki wetu wa kasi wa mitaani Dar. Singeli hii hii ya Mburahati, inauzwa na lebo ya Kampala inaitwa Nyege Nyege Tapes kupitia Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, unalipa, unachagua mwenyewe unataka MP3 au lile faili kubwa lisilopunguzwa ubora, unashusha, basi ni lako mpaka unakufa. Bandcamp wanakata asilimia 15 kwenye faili, iliyobaki ukitoa makato ya malipo inaenda kwa wenye kazi, na toka Machi 2020 wakati wa korona wakaanzisha Ijumaa maalum ambazo hata hiyo asilimia yao wanaiacha. Nikamuuliza mdogo wangu, na mimi niliyeko hapa Tanzania, ninayepita karibu na Mburahati kila nikishusha mzigo, nanunuaje? Akaangalia akasema kaka, unahitaji kadi ya benki. Yaani Mzungu wa Berlin anainunua singeli kwa urahisi kuliko mimi.

Hapa kwetu watu wamejaribu na nawapa heshima yao. Mwaka 2017 Diamond Platnumz alikuja na Wasafi.com ya kuuza nyimbo mtandaoni. Mdundo wa Kenya wapo toka 2012, wanakupa MP3 bure wao wanakula kwenye matangazo na wasanii wanapata mgao, na mpaka wameingia kwenye soko la hisa Denmark mwaka 2020. Kwahiyo soko wameliona. Lakini muulize dereva yeyote hapa kwenye foleni, au mama anayeshona cherehani, au MC wa harusi, akitaka leo kununua albamu ya zamani ya bendi kwa kubonyeza nyota mia na hamsini kama anavyonunua umeme, aende wapi? Atakuangalia tu.

Kuna tovuti moja, sitaitaja jina na sio kati ya hizo nilizozitaja, mimi niliiamini. Waliuza kwa njia ya simu, bei nafuu, nikanunua nyimbo 43 kwa miezi kadhaa, nazikumbuka maana nilikuwa naziandika kwenye daftari la safari pamoja na mafuta. Walisema ukishanunua unaweza kushusha tena muda wowote. Sikuwa na haraka, nikashusha kama 15 nikaacha zingine huko huko. Simu ikaibiwa Tunduma. Nimenunua nyingine naingia kushusha nyimbo zangu, tovuti haipo! Namba ya huduma inaita haipokelewi, baadaye ikawa haipatikani kabisa. Hakuna ujumbe, hakuna tangazo la kusema jamani tunafunga mje mchukue mali zenu. Sio hela nyingi, Mhariri, ila nilijisikia kama mtu aliyefanya jambo sahihi akaadhibiwa, wakati wenzangu wa kibandani flashi zao zimejaa. Na hata wakubwa yanawakuta, MySpace mwaka 2019 walikiri kupoteza muziki uliowekwa kwao toka 2003 mpaka 2015 wakati wanahamisha mitambo, nyimbo zaidi ya milioni 50 zimepotea. Tangu hapo nikinunua chochote nakishusha siku hiyo hiyo, nakala moja kwenye simu, moja flashi ya gari, moja flashi ambayo mke wangu anaiweka kabatini na vyeti vya watoto.

Aliyenipa moyo ni kijana mmoja wa pale Ilula. Anauza nyanya barabarani na anaimba gospo, ana sauti ile ya mtu aliyekulia kwaya. Nilisimama kununua ndoo ya nyanya nikasikia wimbo unatoka kwenye kispika chake, nikauliza huu wa nani, akasema wangu kaka. Nikamwambia nauziwa? Kwanza alidhani namtania. Nikatuma buku kwenye simu yake, akachukua namba yangu, akanitumia kwa WhatsApp faili zima, sio kile kipande cha kurekodi kwa mdomo, faili lenyewe lilivyotoka kwa prodyuza wake wa Iringa, na chini akaniandikia: mtunzi mimi, kinanda fulani, sauti ya pili dada yangu. Dakika haikuisha! Nililipa, nikapata, nikajua nani kapiga nini, na hela yote ikabaki mkononi mwake aliyeimba. Mpaka leo nikipita nasimama, ameshaniuzia sita, na madereva watatu niliowaelekeza nao wamenunua. Kama kijana na ndoo za nyanya ameweza hilo kwa simu yenye kioo kilichopasuka, mitandao ya simu yenye mamilioni ya wateja na ofisi za ghorofa inashindwa nini? Wanatuuzia miito ya simu miaka yote hii, yule anayenipigia ndo anasikia wimbo na mimi ninayelipia sisikii, lakini wimbo wenyewe mzima hawatuuzii.

Naomba kupitia gazeti lako niwafikishie wahusika. COSOTA, nyinyi wa ofisi ya hakimiliki, siku hizi kuna tozo ya hakimiliki asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kunakilia kama flashi na memori kadi, yaani sisi wenye flashi tayari tunachangia, na ni sawa, sipingi hata kidogo. Lakini mchango ule hauniambii hela yangu kaipata nani, mimi nataka nimlipe mtu ninayemsikiliza kwa jina lake. Simamieni liwepo duka ambalo mtunzi wa Njombe na bendi ya Tanga na kikundi cha taarabu cha Unguja wote wanaweza kuweka kazi zao, bei ionekane, malipo kwa laini yoyote ile, na faili lisiwe na kufuli. Na likija kufungwa siku moja wateja tupewe notisi na muda wa kushusha vitu vyetu.

Na TBC. Kanda za iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam mnazo nyinyi, enzi zile bendi karibu zote zilirekodi kwenye studio ile, hakukuwa na pengine pa maana. Mle ndani kuna muziki ambao hauko sokoni popote zaidi ya kwenye vile vibanda, umekatwa na kupigwa mihuri ya matovuti. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwahiyo familia ya Mbaraka Mwinshehe aliyefariki 1979 ina haki mpaka 2029, ya Marijani mpaka 2045. Hizo ni hela ambazo zingekuwa zinaingia kwa wajane na watoto na wajukuu, buku buku, kila siku, kutoka kwa watu kama mimi ambao hela tunazo mfukoni na hakuna wa kuzipokea. Uzeni jamani. Andikeni majina ya wapigaji wote. Wekeni wimbo mzima.

Jana usiku hapa kwenye foleni dereva mmoja Mkongomani wa Lubumbashi amekuja kuota moto kwetu, Kiswahili chake cha kule kina ladha yake lakini tunaelewana vizuri tu, akasikia nimeweka Mlimani Park, ndo hao hao Sikinde, akasema baba yake alikuwa na kanda hiyo hiyo, akanyoosha flashi yake anaomba nimnakilie. Nikabaki nimeishika ile flashi. Kumnyima nashindwa, kumpa ni yale yale ya kibandani, na kumwambia nenda kanunue mahali fulani sina pa kumwelekeza. Nikamwambia tukae tusikilize pamoja mpaka betri ichoke, tukasikiliza.

Mbele naona magari yameanza kuwasha, naishia hapa. Kama kuna msomaji yuko TBC, au ni ndugu wa wanamuziki wale, na anauza ule wimbo wa Marijani niliokatiwa, mzima mpaka mwisho wa chemko, aandike kupitia ukurasa huu huu. Nitanunua nakala mbili, moja yangu na moja ya yule Mkongomani.

Ni mimi,
Dereva wa lori, Dar es Salaam – Lubumbashi